Mgeni wa Nyota Mbili na Nusu

Nchi hii ipo, na aliyewahi kupanga foleni ataitambua bila kutajiwa jina. Ni nchi iliyokwisha kuvishinda vita vyote dhidi ya umaskini, ujinga na maradhi, vikabaki umaskini, ujinga na maradhi tu.

Mwaka mmoja Mtukufu Rais alirudi kutoka ziara ya nchi za mbali akiwa amenawiri kama mtu aliyelala vizuri. Huko alikuta jambo la ajabu. Watu wa kule hawanunui nyumba nzima ya kupumzikia. Mmoja hununua wiki moja tu ya mwaka, mwenzake wiki nyingine, na asiyeipenda wiki yake huigeuza kuwa pointi, akabadilishana na mtu wa mbali ambaye hawajawahi hata kuonana. Mtukufu alilala siku saba katika wiki ya mtu mwingine, akaamka ameelewa.

"Ndugu wananchi," alihutubia kwenye uwanja wa ndege, kabla hata ya kushuka ngazi zote, "kwa muda mrefu mmekuwa mkipumzika ovyo. Huyu anapumzika Jumapili, yule anapumzika akiugua, mwingine anasubiri afiwe ndipo apumzike. Hiyo ni fujo! Kuanzia leo taifa litapumzika kwa mpango!"

Makofi yalipigwa kwa dakika kumi na moja. Waliotaka kupumzisha mikono waliandikwa majina.

Basi ikatungwa sheria. Likizo za ugonjwa, za uzazi, za msiba, pamoja na Jumapili zote, zilikusanywa katika kapu moja la taifa, kisha zikarudishwa kwa wananchi kama pointi, kila mtu kwa kadiri ya uchovu wake. Uchovu ulipimwa kwa cheo. Waziri alichoka pointi elfu tano, mkurugenzi mia tisa, mfagizi arobaini. Kila mtu akapewa wiki yake moja katika Jumba la Mapumziko moja, na asiyependa aliambiwa aende kwenye Mtandao wa Mabadilishano. Atakayekutwa mbali na kazi yake nje ya wiki yake, huyo amepumzika bila mpango, na adhabu yake ni miezi sita gerezani, ambayo kisheria haihesabiwi kuwa mapumziko.

*

Eufrazia Nambuo alikuwa mpiga pasi katika Idara Kuu ya Mashuka, mjini makao makuu. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa amesimama mbele ya meza ileile akinyoosha mashuka ya Majumba ya Mapumziko ambayo hakuwahi kuyaona. Kwenye pembe ya kila shuka palitariziwa neno PUMZIKA, na chini yake namba ya aliyelipiga pasi. Yeye alikuwa namba mia moja na kumi na saba. Alinyoosha themanini kwa siku, akiwa amesimama, maana kiti kilihesabiwa kuwa robo ya pointi.

Wiki yake ilikuwa ya arobaini na tatu, katika Jumba la Ziwani. Jumba hilo lilikuwa limekwisha kufunguliwa na mawaziri watatu, kila mmoja kwa mkasi wake. Ziwa lenyewe lilikuwa bado kwenye mchakato.

Eufrazia hakulalamika. Alikuwa mtu wa sala. Asubuhi alisali akisubiri pasi ipate moto, na jioni akisubiri ipoe. Alimshukuru Mungu kwa pasi pia.

Ilikuwa wiki ya kumi aliposikia simu ya Bi. Skola, jirani wa mama yake kule kijijini Mivumoni.

"Frazia mwanangu, mama yako uji wa jana hakuumaliza, na wa leo hakuuonja."

"Yeye mwenyewe anasemaje, mama mdogo?"

"Anasema hajambo. Ndiyo maana nakupigia." Bi. Skola akaendelea. "Mlango ukilia tu, anasema, 'Frazia huyo.' Jana alikuwa mbuzi. Njoo, mwanangu. Mimi nimezika watu wengi, naijua sura hiyo."

Kwa watu wa Mivumoni, mtu haachwi aende peke yake. Mwanawe humshika mkono mpaka mkono upoe kabisa, ndipo huuachia. Aliyekosa mwana hushikwa na jirani, lakini huzikwa huku watu wakisema, "Maskini." Bi. Tekla, mama yake Eufrazia, alizaa watoto watano na kuzika wanne, na wote wanne aliwashika yeye. Aliyebaki wa kumshika yeye alikuwa mmoja tu, na huyo wiki yake ilikuwa ya arobaini na tatu.

Usiku ule Eufrazia alisali Baba Yetu. Alipofika "utupe leo," akakwama, kwa sababu leo haikuwa yake.

*

Ofisi ya Mtandao wa Mabadilishano ilikuwa na picha kubwa ya Mtukufu akiwa amejilaza kwenye kiti cha ufukweni, jicho moja wazi kwa ajili ya usalama wa taifa. Chini ya picha aliketi Bwana Gaudensi, Afisa Mbadilishaji Daraja la Pili, mtu mwembamba aliyefunga miwani yake kwa uzi.

"Mama, una bahati," alisema baada ya kufungua madaftari matatu. "Wiki ya kumi na mbili ipo. Jumba la Nyikani. Mandhari ya kuvutia, wanyama huja mpaka mlangoni. Mgeni aliyepita hakutaka kabisa kuondoka. Hatujampata mpaka leo."

"Baba, mimi nataka Mivumoni. Kwa mama yangu."

"Mivumoni haimo katika orodha."

"Ipo, baba. Nimezaliwa pale."

"Kuzaliwa pale sikatai. Nakwambia haimo. Mtu hawezi kupumzika mahali ambapo Serikali haijathibitisha kuwa panapumzisha."

"Sitaki kupumzika. Nataka kumuuguza mama."

Bwana Gaudensi alitupa jicho kwenye picha, akainama mezani. "Neno hilo usilirudie, mama yangu. Kuuguza ni kazi. Kufanya kazi ndani ya mapumziko ni hujuma. Sema tena, taratibu, unataka nini?"

Eufrazia akasema taratibu. "Nataka nikapumzike kwa mama."

"Hapo tunaelewana!" Akachomoa fomu ya bluu. "Nyumba ya mama yako tutaiingiza kwenye Mtandao. Mkaguzi ataenda, ataipa nyota, nayo itakuwa Jumba kama majumba mengine. Hapo utabadilisha Ziwani kwa Mivumoni. Kuandikisha ni pointi kumi, wiki ni pointi thelathini. Wewe unazo ngapi?"

"Arobaini."

"Unaona jinsi Serikali inavyokufahamu?"

Fomu iliuliza kama nyumba ina kifungua kinywa. Eufrazia aliandika: uji. Iliuliza kuhusu mandhari. Aliandika: unaona makaburi ya ndugu zangu, na ng'ambo yake mlima. Iliuliza, "Mahali hapa panafaa kwa wageni wa aina gani?" Hapo aliandika: wa mwisho.

*

Yaliyotokea siku ya ukaguzi aliyapata kwa Bi. Skola, ambaye alikuwepo na alitamani asingekuwepo.

"Ameshuka kwenye gari, mtu na tumbo lake. Hakutoa shikamoo."

"Hata kwa mama?"

"Anasema fomu haina nafasi ya shikamoo. Amepima kila kitu, mwanangu. Kisima ameandika bwawa la kuogelea. Jogoo amewika, ameandika muziki wa asubuhi. Nikamwambia paa linavuja. Akaandika: 'Chumba kina maji.' Basi akaingia kwa mama yako. Na unamjua mama yako."

Eufrazia alimjua. "Aliinuka?"

"Aliinuka! Siku nne hajainuka, kaona mgeni, kainuka, kakaa kitandani, kajifunga kanga vizuri. Akamwambia, 'Karibu baba, pita ndani, jisikie uko kwenu. Nyumba hii ni yako.' Yule bwana akatoa kalamu. Akasema, 'Rudia.' Mama yako akadhani hasikii vizuri, akarudia kwa sauti: 'Nyumba ni yako, baba, sisi wote hapa ni wageni tu.' Yule bwana akamtaka kidole gumba, akitie wino. Mama yako akampa. Kwani mgeni akitaka mkono wako utamnyima?"

Tangu kuumbwa kwa Mivumoni hakuna mgeni aliyewahi kuingia nyumba bila kuambiwa kuwa ni yake, na hakuna aliyewahi kuichukua. Kila mtu pale alijua jibu: "Ahsante, mama, nimeshapata kwangu." Mkaguzi hakuambiwa jibu hilo katika semina yoyote. Aliandika kwamba mmiliki, mbele ya shahidi, akiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, ameikabidhi nyumba kwa Serikali mara mbili. Akaipa nyumba nyota mbili. Nusu aliiongeza kwa ajili ya ukarimu.

Kesho yake barua ikabandikwa mlangoni. Hilo sasa lilikuwa Jumba la Mapumziko la Mivumoni. Mtu aliyekutwa kitandani, jina Tekla, umri mkubwa, alikuwa mgeni asiye na pointi. Mwanzo wa wiki ya kumi na mbili angehamishiwa Kituo cha Wasio na Wiki, wilayani. Kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani la pamba.

*

"Hongera, mama!" Bwana Gaudensi alisimama kabisa. "Jumba limepita. Nyota mbili na nusu! Na limeshapendwa. Mke wa Naibu Waziri wa Utulivu ameshika wiki ya kumi na tatu. Anatamani maisha ya asili. Lakini ya kumi na mbili ni yako. Weka sahihi hapa, pointi thelathini."

"Na mama yangu atakuwa wapi?"

"Wilayani. Atahudumiwa."

"Baba, mimi ninamwendea yeye."

"Mama, mimi ninasoma kilichoandikwa. Jumba lina kitanda kimoja. Kitanda kimoja, mgeni mmoja, wiki moja."

Eufrazia alishika ukingo wa meza. Watu kwenye foleni nyuma yake walikohoa, kama wanavyokohoa watu ambao wao pia wana mama.

"Basi nifute. Nirudishie pointi kumi zangu, mama abaki na nyumba yake."

"Nyumba ya nani?" Bwana Gaudensi aliuliza kwa upole. "Hata ukifuta, Jumba lipo. Atapewa mwingine saa hii hii. Kuna mkurugenzi anatafuta mahali pasipo na mtandao wa simu, mke wake asimpate."

Hapo Eufrazia alifanya jambo ambalo halikuruhusiwa ofisini: alifumba macho. Hakuomba muujiza. Aliomba tu aone ni lipi kati ya mawili lililo baya kidogo. Akienda yeye, atakaa siku saba katika nyumba ya mama yake akitazama kitanda kitupu, na mama atafia kwenye ghala la pamba akishikwa na mlinzi. Akimwachia mama wiki hiyo, mama atafia kitandani pake, mlango ukilia atasema, "Frazia huyo," na atakuwa mbuzi.

"Andika Tekla Nambuo," alisema.

Kalamu ya Bwana Gaudensi ilisimama. "Ukimpa zote, wewe utabaki bila pointi hata moja. Huwezi kutoka mjini. Unaelewa?"

"Naelewa, baba."

Aliandika. Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko aliowaandikia watu wengine, kisha akavua miwani akaifuta kwa shati.

"Mimi wiki yangu ni ya hamsini na tatu," alisema bila kuulizwa.

"Mwaka si una hamsini na mbili?"

"Wanasema hamsini na tatu huja kila baada ya miaka mitano, sita. Ilikuja mwaka juzi. Nikafunga mizigo. Asubuhi ikatangazwa kwamba ilikuwa kosa la kiwanda cha chapa." Akaivaa miwani. "Anayefuata!"

*

Idara Kuu ya Mashuka ilipokea oda ya Mivumoni Ijumaa: shuka jozi moja, foronya moja. Eufrazia aliiomba, akapewa. Shuka lile alilinyoosha kwa saa nzima, na kila alipopitisha pasi alisema, "Salamu Maria." Lilinyooka hata inzi angetua angeteleza. Alilikunja, akalibusu pembeni watu wasione, akalitia kwenye gari la mashuka. Alidhani amemaliza kumhudumia mama yake duniani.

Jumanne asubuhi msimamizi wake, Bi. Domitila, aliita watumishi wote wasimame mstarini. Mkononi alikuwa na karatasi nyekundu. Karatasi nyekundu ni malalamiko ya mgeni, na katika nchi ile hakuna kitu kilichokimbia kama malalamiko ya mgeni. Wagonjwa walisubiri gari miezi. Mgeni akilalamikia chumvi, helikopta ilipaa.

"Namba mia moja na kumi na saba! Mbele!"

Eufrazia akasogea mbele.

"Umeiaibisha Idara," Bi. Domitila alisema, akasoma: "'Mimi, mgeni wa Jumba la Mivumoni, nalalamika. Shuka nililoletewa limejaa makunyanzi. Sijapata usingizi. Huyo namba mia moja na kumi na saba inaonekana hakufundishwa na mama yake kupiga pasi. Nataka aletwe hapa mwenyewe, aniombe radhi kwa magoti pembeni ya kitanda hiki, mpaka niridhike.' Amepiga dole gumba. Una la kujitetea?"

Kwanza ilimchoma. Makunyanzi? Lile shuka? Miaka ishirini na sita hakuwahi kunyoosha kitu kama lile! Alifungua mdomo ajitetee. Kisha akalisikia tena kichwani lile neno, kwamba hakufundishwa na mama yake, na akauona mkono uliomfundisha, ukiwa umeshika pasi ya mkaa, ukimpiga kikofi kila alipoacha mkunjo kwenye kola.

Ilibidi ainamishe kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mabega yakamtikisika. Bi. Domitila akaandika kwamba mkosaji ameonyesha majuto.

"Utapelekwa leo hii, ili aibu isichelewe. Na usije ukadhani ni mapumziko! Hakuna kiti. Hakuna kulala. Ni magoti, mchana na usiku."

"Ndiyo, bibi."

"Unatetemeka nini?"

"Woga, bibi."

*

Bi. Tekla alikuwa amebaki mdogo, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Shuka lilimlalia bila mkunjo hata mmoja.

"Umechelewa," alisema.

"Foleni, mama."

"Shuka zuri."

"Si umesema lina makunyanzi?"

"Skola ndiye aliyeandika. Mimi nilisema tu." Akapumzika katikati ya maneno. "Mungu nimemwomba msamaha kabla. Nilimwambia, Baba, nataka kusema uongo, mmoja tu, halafu nakuja."

Eufrazia akapiga magoti, akaushika mkono wake.

Aliyekuwa Mtendaji wa kijiji, Bwana Aloisi, sasa alikuwa Meneja wa Jumba. Alipewa tai moja na daftari moja. Kila asubuhi na kila jioni alisimama mlangoni, kama mwongozo ulivyotaka.

"Mgeni, umeridhika?"

"Bado," alisema Bi. Tekla.

"Mkosaji, endelea kupiga magoti."

Jumatano jioni: "Mgeni, umeridhika?"

"Bado. Naona anaegemea upande mmoja."

"Mkosaji, nyooka!"

Bi. Skola alikuwa akileta uji, na Eufrazia akimnywesha mama kwa kijiko, jambo ambalo Bwana Aloisi aliliandika kama "sehemu ya radhi." Walizungumza kidogo. Walisali rozari, mama akijibu kwa midomo, kisha kwa kidole, kisha kwa macho. Magoti ya Eufrazia yalivimba, na tangu kuajiriwa hakuwahi kukaa mahali alipopataka kuliko pale.

Alhamisi jioni mama alisema "Ba," neno likamfia njiani. Ijumaa hakusema kitu. Bwana Aloisi alisimama mlangoni na daftari lake, akauliza, akangoja. Alimtazama mgeni, akamtazama mkosaji. Bi. Tekla ndiye aliyempokea huyu Aloisi siku alipozaliwa, kitovu chake alikifunga kwa uzi wa kanga yake mwenyewe. Aloisi akachukua kalamu akaandika, "Bado."

Jumamosi wiki ya kumi na mbili ilikuwa inamalizika saa nne asubuhi. Saa tano angeingia mke wa Naibu Waziri. Barabarani watu walikuwa wamekwisha kupanga mawe na kuyapaka chokaa.

Bi. Tekla alikata roho saa nne kasoro dakika kumi. Hakukuwa na maneno. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kuuliza jambo, kisha hakuuliza.

Saa nne kamili Bwana Aloisi aliingia na ufunguo.

"Mgeni ameondoka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Eufrazia aliusikiliza ule mkono. Katikati ya kiganja palikuwa na vuguvugu kidogo, kama pasi iliyozimwa muda si mrefu.

"Bado," alisema.

Bwana Aloisi alivua saa yake, akaitia mfukoni, akatoka. Alisimama nje akiupa mlango mgongo. Magari yalisikika ng'ambo ya mlima, akaendelea kusimama. Mpaka mkono ulipopoa wote, mpaka kwenye ncha za vidole, ndipo Eufrazia akauweka juu ya kifua cha mama yake na kuinuka kwa kushika ukuta.

Walimzika pembeni ya wanawe wanne, haraka, katika kaburi ambalo majirani walikuwa wamekwisha kulichimba, matanga yakiwa hayapo katika mwongozo. Mke wa Naibu Waziri alishuka garini akakuta akina mama wanalia kaburini.

"Hawa wanafanya nini?" aliuliza.

"Mazishi, mheshimiwa," alisema Bwana Aloisi.

"Jamani, wanajua kuigiza kweli!" Akapiga makofi, na walinzi wake wote wakapiga.

*

Kabla ya kupanda gari la mashuka kurudi mjini, Eufrazia alipewa Fomu ya Kuondoka aijaze kwa niaba ya mgeni. Je, mgeni alifurahia kukaa kwake? Aliandika: siku nne za mwisho. Je, mgeni atarudi tena? Aliandika: hapana, ila tutamfuata. Mahali palipoandikwa "Vitu ambavyo mgeni amesahau chumbani," alikaa na kalamu mpaka dereva akapiga honi. Akaandika:

*Mtoto mmoja wa kike, miaka hamsini na miwili.*

Kwa kuandika vile alidhani anazungumza na Mungu. Lakini fomu, kama fomu zote za nchi ile, ilisomwa na Serikali. Baada ya siku kumi na tisa barua ilimfikia mezani kwake, pasi ikiwa mkononi. Ilikuwa na mhuri mzuri wa zambarau.

Mtandao wa Mabadilishano ulikiri kupokea taarifa ya kitu kilichosahauliwa katika Jumba la Mivumoni, wiki ya kumi na mbili. Kitu hicho kingetunzwa Idara Kuu ya Mashuka, meza namba mia moja na kumi na saba. Mgeni, au ndugu yake wa damu, alishauriwa kuja kukidai. Kitu chochote kisichodaiwa ndani ya siku tisini tangu kusahauliwa, kwa mujibu wa sheria, huwa mali ya taifa.

Eufrazia alihesabu. Zilibaki siku sabini na moja, na duniani hapakuwa tena na mtu wa kumdai.